Alama ya Bibi Nyamisi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu nanyamaza. Ni siku ambayo kijiji chetu kizima kilikusanyika kumshukuru mfinyanzi wetu wa vyungu, kikampa zawadi ya sufuria.

Ndiyo, sufuria! Cheka tu, hata mwenyewe alicheka. Nakusimulia haya kwa sababu wewe na wenzako mnataka kumwandalia sherehe yule mzee aliyewafundisha kuchora, na mmenifuata hapa Nyasho kuniuliza apewe nini. Basi kaeni. Jibu langu lina mzunguko kidogo.

Mimi nimekulia Mugeta, na nilikuwaga msichana wa maswali. Mama alisema nilizaliwa naulizauliza. Bibi Nyamisi hakuwa ndugu yetu. Alikuwa jirani, mjane mwembamba mwenye ulimi mkali, na vyungu vyake vilifika hadi Kiabakari na Butiama vichwani mwa akina mama. Nilianza kushinda kwake kwa sababu moja tu. Chini ya kila chungu, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia, alikuwa anaweka vistari vitatu vya ukucha.

"Bibi, hiyo ni alama yako?" nikamuuliza.

"Si yangu. Ni ya shangazi aliyenifundisha."

"Sasa yako iko wapi?"

"Haipo."

Haipo vipi? Alinieleza huku anakanda udongo, wala hakuniangalia. Kwao mfinyanzi haweki alama yake mwenyewe. Anaweka ya aliyemfundisha, ili kila chungu kiseme kimetokana na nani. Yake itawekwa na mwanafunzi wake, siku atakapofinyanga chungu cha kwanza kinachostahili kuingia motoni. Na mabinti waliokuja kwake kujifunza, wengine waliolewa mbali, wengine walichoka. Hakuna aliyefika huko. Kwa hiyo alama ya Bibi Nyamisi ilikuwa kichwani mwake tu, haijawahi kuchorwa na mwanafunzi yeyote.

"Ikoje, Bibi?"

"Wewe finyanga."

Hapo ndipo aliponinasa! Sikutaka kuwa mfinyanzi, mwanangu, nakwambia ukweli. Nilitaka kujua. Niliwaza labda ni jua, labda ni pembe za ng'ombe, labda ni kitu cha siri cha ukoo wao. Nikaanza kuponda vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya kwenye udongo, nikajifunza kuuvuta ukuta wa chungu bila kuutoboa. Kila nilipomaliza kimoja, Bibi alikipapasa nje na ndani, kisha anasema neno moja: "Rudisha." Nakitumbukiza kwenye maji, kinakuwa matope, naanza upya. Siku nyingine nilikuwa narudi nyumbani nimenuna mpaka mama ananicheka.

Kisha wakati wa vijiji vya ujamaa ukafika, tukahamishwa. Sitasema kulikuwa na ubaya mtupu, maana shule ilikuja karibu na wagonjwa wakapata zahanati. Lakini udongo wetu ulibaki kule mahameni tulikotoka, kando ya mto, na Bibi hakuweza tena kutembea hadi huko. Macho yake nayo yalianza kuingia ukungu. Akaacha kufinyanga. Alikaa mlangoni kwenye nyumba yake mpya, katika mstari wa nyumba zinazofanana, mikono iko mapajani haina kazi. Hilo liliniuma sana.

Kijiji hakikumsahau. Mwenyekiti aliitisha mkutano, ngoma zikapigwa, akasimama akasema, "Ndugu wananchi, mama huyu ametupikia sisi sote!" Maana yake wote tulipikiwa kwenye vyungu vyake. Watu wakashangilia. Ndipo ikaletwa sufuria kubwa, mpya, inang'aa, na mfuniko wake. Niliinamisha kichwa kwa aibu. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akaigonga kwa kidole, akasema, "Asanteni wanangu. Hii hata nikiiangusha, hamtapata kazi ya kuokota vigae." Uwanja mzima ukacheka.

Mimi sikucheka. Nilipomsindikiza kwake nilikuwa nimefura.

"Wamekutukana, Bibi."

"Nyamaza huko! Kuni ziko mbali siku hizi, sufuria inachemsha haraka. Wamenipa walichokiona ni kizuri." Akaketi, akaivuta sufuria karibu. Halafu akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ila mimi nilikuwaga nataka kitu kimoja tu. Kuiona alama yangu imechorwa kabla macho hayajafunga."

Aisee, hapo sikuwa na swali tena.

Asubuhi nilikwenda mahameni na kikapu, nikachimba udongo, nikarudi nao kichwani shingo inaniuma. Nikafinyanga mlangoni kwake, mbele yake, bila kuongea, na watu wa kijiji walishangaa kuniona nimenyamaza. Chungu kilipoanza kukauka, bado kina unyevu kidogo, nikampa. Akakipapasa mdomoni, akashuka tumboni, akaingiza mkono ndani akazungusha taratibu. Nilikuwa nasubiri neno lile. Ndoo ya maji nilishaiweka tayari.

"Mwaga hayo maji," alisema.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nikakipindua chungu, nikapiga magoti. "Niambie sasa, Bibi. Nichore nini?"

"Mguu wa kuku."

"Wa nini?"

"Wa kuku! Umeziba masikio?"

Mwanangu, nilikuwa nimewaza jua na pembe, kumbe kuku! Akanieleza. Chungu chake cha kwanza kizuri, alipokiweka nje kikauke, kuku alipita akakikanyaga. Akalia sana, akaenda kukirudisha majini. Shangazi yake akamshika mkono, akamwambia, "Acha. Hiyo ndiyo yako." Na vile vistari vitatu vya shangazi, kumbe navyo vilikuwa kucha zake zilizoteleza zamani, alipokuwa binti akijifunza. Walikuwa wanapeana alama hivyo tangu zamani. Kile kilichokuliza wakati unajifunza ndicho unachokumbukwa nacho.

Nikachora mguu wa kuku kwa kijiti. Siku ya kuchoma tulikifunika kwa nyasi na samadi kavu ya ng'ombe, tukawasha. Moto ulipokolea tukasikia "ta!" Nikashika kichwa. Bibi akanibana mkono. Moto ulipoisha nikafukua majivu kwa kijiti. Kilichopasuka ni jiwe tulilokiwekea chini. Chungu kilikuwa kizima, chekundu, kina doa jeusi ubavuni.

Bibi alikipeleka juani, akakisogeza hadi karibu na pua, akakiinamisha huku na huku mpaka kivuli kikaingia kwenye mistari. Akatabasamu.

"Kumbe iko hivi," alisema.

Mimi nililia, yeye hakulia. Alikaa mlangoni siku nzima akimwonyesha kila apitaye. Mwenyekiti alipopita akasema, "Bibi, pole, kuku amekanyaga chungu chako." Akamjibu, "Amekikanyaga tangu wewe hujazaliwa!" Macho yalipofunga kabisa, chungu kile kilikaa kando ya kitanda chake na maji ya kunywa, kimefunikwa na mfuniko wa ile sufuria. Nikimkuta peke yake, kidole gumba kilikuwa huko chini, kinapapasa.

Basi mpeni mzee wenu kiti, mpeni na shuka, atashukuru. Lakini msiishie hapo. Mwulizeni alifundishwa na nani, na kitu gani kilimliza alipokuwa anajifunza. Kisha chora kazi yako nzuri kuliko zote, uweke ndani yake kitu chake ambacho yeye atakijua akikiona, na umpelekee akiwa bado anaona. Msibani kila mtu ana maneno mazuri, na mwenyewe hasikii hata moja.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akupe na wa kukufundisha na wa kumfundisha. Na usiniangalie hivyo, najua swali lako linalofuata. Alama yangu mimi sikwambii. Udongo uko nyuma ya nyumba.