Mkate wa Hospitali

Kuna bwana mmoja wanamwita Inawezekana, na jina hilo hakuliokota njiani. Mwambie unataka keki ya ghorofa nne kesho asubuhi, atakuambia inawezekana. Ongeza viti vya kukodi, hema na mpiga picha, atakuambia vilevile, kisha ataingia jikoni anasugua mikono, na mkewe akimwona tu anajua mambo yameshaharibika.

Mkewe ndiye Mama Mikate. Alianza na oveni ya mkaa uani, anauzia majirani, akajikongoja mpaka akapanga chumba kizima nyuma ya kituo cha mafuta, akanunua oveni kubwa ya gesi na kuajiri watu. Lakini tusidanganyane, kilichombeba ni hospitali. Kila asubuhi alipeleka mikate isiyo na chumvi, ya wagonjwa waliokatazwa chumvi na daktari. Hospitali ikiondoka, oveni ile kubwa inabaki pambo.

Biashara ilikua, na ilivyokua ikaanza kumponyoka. Ukiuliza nani kaacha gesi wazi, hakuna. Nani kasahau hamira? Hakuna. Kila mtu alidhani mwenzake kashafanya. Wifi yake, dada wa Inawezekana, mwanamke asiyemumunya maneno, ndiye aliyemkalisha chini. Akamwambia kila kazi iwe na mwenyewe, ikiharibika aulizwe huyo huyo. Na hayo mambo ya viti na mahema waachane nayo, wao ni waoka mikate.

Kikao kikafanyika. Wifi akapewa unga na oveni, dereva akapewa gari, Inawezekana akapewa wateja, kwa sharti moja tu: asikubali oda kabla ya kumuuliza mkewe. Aliunga mkono kuliko wote. Alipiga hata makofi, dada yake akamtazama kwa jicho la pembeni.

Sasa huyu mtu si mbaya, naomba tuelewane. Kiwanda alichofanyia kazi kilipofungwa, alikaa kwenye kochi nyumbani, ndevu zimemjaa, hasemi, hali mpaka abembelezwe. Mkewe alikuwa akirudi na unga kwenye nywele anamkuta palepale alipomwacha. Siku alipomwomba aje kumsaidia kuhudumia wateja, mwanaume alinyoa. Akapiga pasi shati, akachomeka kalamu mfukoni, akasimama mlangoni anataniana na watu. Mama Mikate alijifungia stoo akalia kwa furaha. Mtu kama huyo utamwambiaje kwamba anakuharibia? Wifi alisema amwambie tu. Ni rahisi kusema hivyo kama si wewe unayelala naye.

Basi asubuhi moja Mama Mikate alitoka kwenda kununua unga. Huku nyuma akaja mwenye nyumba ya wageni, kafikiwa na watu ghafla, anataka mikate hapo hapo. Ya kuuza dukani, yenye chumvi, ilikuwa bado inaiva. Iliyokuwa tayari ni ya hospitali, imepangwa kwenye kreti za bluu karibu na mlango. Inawezekana hakumuuliza mtu. Alimpa yule bwana mikate ile, na ya dukani ilipotoka akaijaza kwenye kreti zile zile za bluu, maana kwake mkate ni mkate. Dereva akaja, akapakia alichokikuta.

Kule hospitali mkuu wa jiko alikuwa mzee makini, ambaye huonja kipande kabla mkate haujaenda wodini. Alionja, akatema. Ni bahati tu hakuna mgonjwa aliyeugusa. Mchana haujafika, mzee kasimama kwa Mama Mikate, kreti ya bluu mkononi.

Maswali yakaanza. Wifi alisema yeye alioka bila chumvi na kupanga panapotakiwa, na ni kweli. Dereva alisema alipakia kreti za bluu kama siku zote, na ni kweli. Inawezekana alisema alimwokoa mteja aliyekwama, hilo nalo ni kweli. Hebu niambie, hapo unamshika nani?

Mzee hakufoka, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Sikuja kuombwa radhi," alisema. "Nataka mtu mmoja tu. Kuanzia leo mkate ukiwa na shida, nimuulize nani?"

Wote wakamgeukia Mama Mikate. Jibu alikuwa nalo, lipo kwenye ncha ya ulimi. Lakini mumewe alishatangulia mbele.

"Niulize mimi, mzee wangu."

Akaendelea kwamba kesho mikate itawahi zaidi, kwamba manesi nao wataletewa keki, na kama jiko la hospitali linahitaji kupakwa rangi, kuna vijana anawajua. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama mkewe.

"Ni yeye, mama?"

Akisema hapana, hospitali inabaki. Akisema hapana, mbele ya dada mtu na wafanyakazi, yule mtu wa kwenye kochi anarudi leo hii. Aliliangalia lile shati lililopigwa pasi. Wifi akamkanyaga mguu kwa nguvu. Jamani, mwanamke anayebeba gunia la unga peke yake alishindwa na neno moja dogo.

"Ndiyo," akasema. "Ni yeye."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaweka kreti chini, akaaga kwa heshima. Jioni ikaja simu ya hospitali kwamba wasipeleke tena. Wifi alivua aproni, akasema anakwenda kulala na mtu asimuulize kitu. Mama Mikate alikaa juu ya gunia, hata machozi hayaji.

Inawezekana naye aliumia, nisimsingizie. Alisimama mlangoni kimya, muda mrefu, mpaka mkewe akaanza kuogopa na kumchungulia usoni. Kisha simu yake ikaita. Akatoka kuipokea, akarudi uso umemkunjuka.

"Mke wangu, usijitese," alisema. "Kwanza sasa alfajiri oveni iko wazi. Kuna mtu anafungua shule ya chekechea, anataka biskuti za watoto, na sare tumtafutie. Nimemwambia asiwe na wasiwasi."

Mama Mikate alimtazama anavyocheka. Akashukuru, na akajichukia kwa kushukuru. Halafu akainuka, akanawa mikono, akamuuliza biskuti zinatakiwa lini.