Sauti ya Shangazi Kwenye Programu Iliyoganda

Shangazi alikuwa bado anaimba gari lilipopiga honi mara ya pili. Binamu yangu, mwanawe, alikuwa amefika kwetu Mkonze kumchukua ampeleke hospitali kufanyiwa upasuaji wa goita. Daktari alishawaambia bila kuwaficha kwamba uvimbe umekaa pabaya, na shangazi anaweza kuamka na sauti nyingine, au akabaki kunong'ona tu.

Ndiyo maana asubuhi ile tulikaa uani, kompyuta yangu juu ya kinu kilichopinduliwa, naye akaimba nyimbo za kutwanga mtama. Nimeishi Kahama, Mwanza na Tunduma. Kila mji niliouingia niliuona mzuri mpaka nilipoanza kuuzoea, nikafunga mzigo. Nyimbo hizo nilizibeba kote huko bila kuyajua maneno yote. Safari hii nilirudi kuyachukua.

Shangazi akapanda gari. Nikabonyeza pa kusimamisha. Mstari uliokuwa ukirukaruka ukatulia, kidirisha kikapauka, yakatokea maandishi: programu haijibu. Chini yake, nichague kuifunga au kusubiri. Nikasubiri. Maandishi yakarudi yale yale. Nikabonyeza alama ya kufunga, kisha nikajilaumu kwa kuibonyeza, lakini wala haikufunga. Ilikaa tu, imeshika nyimbo, haizitoi wala haizimezi.

Nikampigia dada yangu, anakaa mjini, Area D.

"Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime," akasema. "Utaiwasha tena."

"Na nyimbo?"

"Si ataziimba tena akirudi."

Alijua daktari alichosema kama nilivyojua mimi. Wimbo mmojawapo unamsema mke wa kaka yake shangazi, aliyekuwa mvivu wa kutwanga, na ndani ya familia kila mtu anajua mke huyo ni marehemu mama yetu. Nikahisi dada hatasikitika wimbo ule ukipotea. Nikakata simu.

Nilipanda bajaji mpaka kwa fundi wa kompyuta, Makole, nikiwa nimeipakata kompyuta wazi, maana niliogopa nikiikunja italala isiamke. Dereva aliniangalia kwenye kioo. "Mama, hiyo tamthilia haiwezi kungoja ufike?"

Fundi niliyeelekezwa alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kibanda cha vioo. Aliitazama kompyuta, akanitazama mimi.

"Mwenyeji wa wapi, dada?"

"Hapa hapa."

"Mgogo?" Nilipoitikia akapiga makofi, akanisalimia Kigogo. "Mbukwa, mtani! Mimi Mhehe wa Iringa. Basi pole kwa msiba. Hii imeshafariki, na marehemu wa Kigogo hurithiwa na mtani wake. Iache hapa, nenda kapike mlenda."

Huku akicheka aliivutia kompyuta upande wake wa meza.

Utani wa makabila naujua. Nimeona watani wakichukua jembe la marehemu msibani na watu wakicheka. Lakini nimetembea vya kutosha kujua pia kwamba utani ni shuka, na chini ya shuka mkono wa mtu huuoni. Niliwahi kusikia kwenye spika za baa moja Mwanza mwanamke wa kwetu akiimba katikati ya muziki wa vijana, sauti imekatwakatwa, imerudiwarudiwa. Sikuamini kwamba mwanamke yule aliwahi kuulizwa.

Fundi akachomeka flashi yake.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kuibia," akasema, akitafuta kitu kwenye mafaili. "Sisi Wahehe tukiishiwa mbwa tunakula nyimbo."

"Kaka, utani weka pembeni. Nimekuuliza."

Mtani hakatazwi utani, hilo hata mtoto wa huku analijua, na uso wake ulionyesha kwamba nimemkosea. Akaendelea kufanya kazi kimya, ameikingia kompyuta bega, na hapo nikaona nimejiharibia. Alipokuwa anacheka nilisikia angalau anachosema. Sasa sikusikia chochote.

Nikajilazimisha. "Mtani, mbona umenuna? Au umemwona mbwa anapita?"

Bega likashuka. Akacheka mpaka akakohoa. "Njoo huku uone basi, mtu wa mashaka." Akanionyesha. Programu za kurekodi huweka sauti pembeni vipande vipande wakati mtu anaimba. Alikuwa anavinakili kwanza kwenye flashi, kwa sababu programu ikilazimishwa kufa inaweza kuondoka navyo. Maelezo yaliingia akilini. Kisha akaichomoa flashi akaichomeka kwenye kompyuta yake kubwa, "nihakikishe vimekaa sawa." Hilo hakunionyesha. Kioo cha ile kubwa kilitazama ukuta.

Aliporudi alifungua orodha ya programu zinazofanya kazi, akaigusa iliyoganda.

"Niue?"

"Ua."

Kidirisha kikatoweka kwa wepesi ulionikera, baada ya ukaidi wote ule. Akaifungua programu upya, nayo ikauliza kama turudishe kilichokatika. Akakubali. Kikapita kimya kirefu, kisha kikohozi cha shangazi, kisha shangazi mwenyewe, akakijaza kibanda kizima.

Fundi aliacha kucheka. "Mama huyu anaimba," akasema polepole. "Huyu watu wangemsikiliza."

Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa pale. Nikamlipa, nikakunja kompyuta, na nilipopita kwenye ile kubwa nikachomoa flashi nikaitia kifuani.

"Mtani! Flashi yangu!"

"Nimerithi. Njoo uikomboe Mkonze, uje na kuku."

Mteja aliyekuwa mlangoni akaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akainua mikono juu. Hakuwa na la kufanya, kwa desturi yake na yangu.

Shangazi alirudi salama, lakini sauti aliyorudi nayo ni nyembamba na inakatika katikati ya neno. Nilimwamkia, nikampa maji, nikamwekea nyimbo. Alisikiliza macho yameinama. Ulipofika wimbo wa mke mvivu alitabasamu kidogo.

"Hizi ni za humu ndani, mwanangu," akanong'ona. "Zisitoke."

"Hazitatoka, shangazi."

Nilisema hivyo nikiwa najua kwamba fundi hajaja. Mtani aliyenyang'anywa kitu hukifuata, hata kwa kuku wa kukopa, maana ndiyo raha yenyewe. Wa kwangu wala hajaulizia njia, kana kwamba alichokitaka kilishabaki kwenye ile kompyuta kubwa. Siku hizi nikipita penye muziki napunguza mwendo, nasikiliza mpaka wimbo unaisha.