Kimeli na Kundi la Mwendo wa Pole

Tairi la lori lilipasuka karibu na soko la Kitale. Watu waligeuka, wakaguna, wakaendelea kubishana bei. Job Kimeli hakugeuka. Alikuwa tayari amelala kifudifudi katikati ya kabichi za mama mmoja, mikono juu ya kichwa, vumbi mdomoni.

Alikuwa mtu mzima mwenye shamba la mahindi upande wa Endebess na mke anayeheshimika kanisani. Alikuwa amestaafu jeshini akiwa sajini, baada ya miaka mingi ya kazi, ile migumu zaidi ikiwa ya Somalia. Lakini pale sokoni hakuna aliyemjua. Vijana wa mikokoteni walitoa simu wakaanza kumpiga picha.

"Ati mzee amelewa asubuhi hivi, bana!"

Mwenye kabichi, Wangui Thuo, hakucheka. Alipiga magoti kando yake bila kumgusa, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ni tairi tu imepasuka. Uko Kitale, mzee. Hizi ni kabichi zangu."

Kimeli alifumbua macho. Aliona kweli ni kabichi. Akakaa, akajipangusa, na alipoweza kusema aliuliza, "Umejuaje?"

"Ndugu yangu Gathii yuko hivyo. Alitoka jeshini, sasa hata mlango hatoki. Si ukuje uongee na yeye? Sisi tumeshindwa."

Kimeli aliitikia ili tu aondoke pale. Hakuwa na nia ya kwenda popote.

Nyumbani hakusema kitu, ila kule kijijini habari hukimbia. Mkewe, Linah, aliipata kanisani, picha na ombi la mwenye kabichi vyote pamoja. Alikuwa na yake ya kusema pia, na alikuwa ameyaweka moyoni muda mrefu. Mumewe alikuwa akiwakagulia watoto vitanda kama makuruta. Alizunguka ua na tochi kila usiku. Siku moja Linah alimgusa bega akiwa usingizini, naye akamrusha hadi ukutani, na tangu hapo Linah alilala chumba cha wasichana.

Alimkuta akikama ng'ombe, akamwambia pale pale. "Baba Chebet, sikukasirikii. Nimechoka tu kukuogopa. Nenda kwa huyo mama."

Neno hilo la kuogopwa lilimuuma kuliko kicheko cha soko zima. Akaenda.

Gathii alikuwa katika chumba cha nyuma, nyumbani kwa Wangui, pazia limefungwa. Kimeli alisimama mlangoni, kisha akageuka. Nje kulikuwa na gogo kubwa la mkaratusi ambalo halijapasuliwa. Alichukua shoka akaanza. Alipasua mpaka shati likaloa. Mwishowe pazia lilisogea, na mtu mwembamba mwenye ndevu akatoka na nyundo na kabari. Walifanya kazi bila kuongea mpaka gogo likaisha.

"Ulikuwa kikosi gani?" Gathii aliuliza.

Kimeli alimwambia. Gathii aliitikia kwa kichwa. Wangui, aliyekuwa jikoni akiwasikiliza, alilazimika kuketi, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho ndugu yake kumuuliza mtu swali.

Kimeli alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Kila mara walitafuta kazi ya mikono: ua wa kuzungushia mboga, ghala la kuezeka. Kazi ilipokwisha walikuwa wameongea bila kujua. Kimeli alianza kulala usingizi wa maana. Na Wangui, ambaye wateja wake hutoka Kiminini mpaka Bungoma, alijua nyumba nyingine zenye mtu wa namna hiyo. Kila mama aliyenunua viazi alikuwa na habari ya kaka au shemeji.

"Wewe na Gathii mmepona kidogo," alimwambia Kimeli. "Na hao wengine? Tuanzishe kitu. Kiwe na jina, kiandikishwe, watu wajue pa kwenda."

Kimeli alisema yeye si mtu wa mashirika. Wangui akamwambia yeye pia si mtu wa mashirika, ni mtu wa kabichi, na wakaanza.

Walipewa ukumbi wa kanisa. Mshauri mmoja wa mjini, Jepchirchir, alikubali kuja kuzungumza. Walipanga viti kwa mistari kama darasa. Wanaume walianza kuingia, wengine kutoka mbali, na kila aliyeingia alikwenda kuegemea ukuta wa nyuma. Mstari wa nyuma ukajaa. Waliokosa nafasi walisimama. Viti vya mbele vilibaki wazi, na Jepchirchir mbele, karatasi mkononi, akidhani wamemkataa.

Kimeli alitazama wale wanaume wamejipanga ukutani, macho yote kwenye mlango, akaelewa. Hakuna aliyetaka kuupa mlango mgongo. Hata yeye alikuwa amesimama hivyo hivyo.

Alianza kucheka. Wenzake wakamtazama, wakajitazama, na kicheko kikashika ukumbi mzima. Mmoja alicheka mpaka akatoa machozi, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha, na hakuna aliyemshangaa. Walibeba viti nje, wakavipanga kuegemea ukuta wa kanisa, wote wakitazama barabara. Jepchirchir alibeba chake pia. Hapo ndipo watu walipoongea.

Jina lilitoka kwa Gathii. "Kwa gwaride kuna mwendo wa haraka na mwendo wa pole," alisema. "Kurudi nyumbani ni mwendo wa pole."

Kundi lilienea mpaka Bungoma, kwa sababu ya Mukhwana wa Bokoli, aliyekuwa koplo, mcheshi, mpenda ugali. Kila mtu alidhani huyo amepona kabisa.

Kisha ikaja Agosti ya tohara. Mpwa wake alikuwa akizunguka kualika jamaa kwenye tohara yake, na asubuhi moja watu waliomsindikiza waliingia bomani kwa Mukhwana wakikimbia, kengele za mtahiriwa zikilia, fimbo juu, kelele tupu. Mukhwana alijua watakuja. Alikuwa amechinja kuku kwa ajili yao. Lakini mwili wake haukungoja akili. Alimnyakua binti yake mdogo, Mary Ann, akajifungia naye ghalani na panga.

Mkewe, Nasambu, alimpigia Kimeli simu akilia. Kimeli na Gathii walipanda gari la Wangui la viazi, na Wangui aliendesha kama hajawahi kuendesha.

Walikuta vijana wameshika gogo, tayari kuvunja mlango.

"Wekeni chini!" Kimeli alisema, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu atoke jeshini. Waliweka. "Kila mtu akae. Kengele zinyamaze. Mkivunja huo mlango, atapigana."

Watu walikaa kwenye majani. Kukawa kimya, ila sauti ya mtoto ndani, akiuliza kama wanaweza kutoka sasa. Kimeli alisogea mlangoni akaongea vizuri. Alisema sisi ni marafiki, hapa ni Bokoli, hakuna adui. Hakujibiwa. Alisema tena, kwa maneno mengine.

Gathii alimgusa mkono, akapita mbele. Alisimama wima, visigino pamoja.

"Koplo Mukhwana," alisema. "Nimekuja kukupokea lindo."

Ndani, kitu kilisogea.

"Nani anapokea?" sauti iliuliza.

"Gathii. Zamu yako imeisha. Nipe ripoti."

Kisha sauti ya mtu aliyechoka mno: "Raia mmoja, mtoto. Yuko salama."

"Nimepokea. Pumzika."

Komeo lilivutwa. Mukhwana alitoka na mtoto begani, panga likiwa limeelekezwa chini. Alimkabidhi Gathii panga, akampa Nasambu mtoto, akaketi pale kizingitini. Nasambu alimpapasa mtoto mwili mzima, kisha akaketi karibu na mumewe, bega kwa bega. Mtu fulani alianza kulia kwa furaha, na Kimeli aligundua ni yeye mwenyewe.

Mukhwana alilala mpaka kesho yake, Gathii akiwa kwenye kiti nje ya mlango wake. Mpwa alitahiriwa, na watu walimsindikiza wakiimba kwa sauti ya chini walipopita boma lile. Hakuna aliyewaamuru.

Sasa kundi limeandikishwa. Jepchirchir huja Bokoli mara kwa mara kukaa na Mukhwana, na wanaume wa Sirisia na Bumula hukutana pale bomani kwake, wakitengeneza maghala ya wajane. Linah amerudi kulala chumbani mwa mumewe. Juzi Wangui alimuuliza Nasambu hali ya nyumbani.

"Nilienda soko Webuye," Nasambu alisema, "nikamwacha mzee wangu na mtoto. Nikapiga stori huko mpaka jioni. Unajua nini, dada? Nilisahau kuwa na wasiwasi."