Baba Mukubwa Aliponyamaza

Kwetu Goma, siku ya kuzungumzia mahari, bibi harusi haonekani mpaka wazee wapatane. Nilikuwa chumbani na mama mukubwa, mke wa kaka mkubwa wa baba yangu, akinifunga mushanana, ile nguo ya begani tunayovaa kwa sherehe. Nyuma ya pazia, sebuleni, wazee wa pande mbili walikaa wakitazamana. Upande wa mchumba wangu walikuwa wametoka Rutshuru asubuhi na makreti ya bia. Upande wetu, kwa kuwa baba yangu alishafariki, msemaji alikuwa huyo kaka yake, baba mukubwa.

Kazi hiyo aliipenda. Familia nyingi za mtaani zilimwita awasemee, kwa sababu aliweza kuwazungusha wageni kwa maneno mpaka wakasahau walichokujia. Siku hiyo alianza vizuri. Aliwauliza kama wamepotea njia, watu wakacheka. Kisha baba wa mchumba wangu akataja ng'ombe waliopanga kutoa, na baba mukubwa hakujibu kitu.

Tukasubiri. Nilisikia mtu wa upande wao akinong'ona, "Muzee hajatosheka." Wakashauriana kidogo, wakaongeza ng'ombe mmoja. Kimya tena. Dada zangu wakabana vicheko: "Leo anawamaliza!"

Mama mukubwa hakucheka. Alisogeza pazia kidogo, pini bado mkononi.

"Huyu mutu," akasema, "toka anioe hajawahi kunyamaza hivi."

Nikachungulia juu ya bega lake. Baba mukubwa alikuwa amekaa wima, koti limefungwa vifungo vyote, na jasho linamtiririka mpaka shingoni, ingawa mvua ilikuwa imetoka kunyesha na sisi wengine tulisikia baridi. Kwa mkono mmoja alikuwa anasugua taya. Ule wa kushoto ameulaza juu ya paja kama si wake.

Mama mukubwa akatoka, akapita katikati ya wageni, jambo ambalo mwanamke halifanyi siku kama hiyo.

"Papa," akamwita mume wake, "unasikia nini?"

"Niko muzuri. Ni tumbo tu. Rudia ndani."

Akajaribu kusimama ili tumwamini. Akainuka nusu, akaangukia tena kitini.

Ndipo binamu yangu mmoja akapaza sauti: "Wamemupatia sumu!"

Hapa mjini neno hilo likishasemwa, nyumba nzima inabadilika. Mzee akianguka ghafla mahali penye vinywaji, watu hawafikirii moyo wake, wanamtafuta aliyemimina. Wote wakasimama. Mmoja akakimbilia maziwa ili anyweshwe atapike, mwingine akawa anataja mganga anayejua dawa ya kutoa sumu. Wageni wakarudi nyuma mpaka ukutani. Mimi nilikuwa nimeshatoka chumbani, nusu nimevaa, na hakuna aliyeniona. Nilimtafuta mchumba wangu kwa macho. Alikuwa anatazama yale makreti kana kwamba hata yeye hana hakika na kilichomo.

Mama mukubwa akanyanyua chupa iliyokuwa mbele ya mume wake, akaizungusha watu wote waione.

"Muangalie! Haijafunguliwa. Hajakunywa hata maji. Sumu ingepita wapi? Mulete gari!"

Gari pekee lilikuwa la wageni. Binamu yangu alipomzuia baba wa mchumba wangu asipande, yule mzee alimsogeza kwa mkono bila hasira. "Ninaenda naye," alisema. "Akikufa, mutanikuta pale pale."

Njiani, juu ya mawe ya volkano ambayo ndiyo barabara zetu, kila tulipotikiswa baba mukubwa alifumba macho. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu.

"Ni kama mutu amenikalia kifua," akaniambia.

"Tangu wakati gani?"

"Toka tulisalimiana."

"Sasa mbona haukusema?"

Alichukua muda kupata pumzi. "Ningesema, hawa wangerudia kwao. Na sherehe yako ingeharibika."

Nilimfuta jasho kwa ncha ya mushanana.

Hospitalini alipokelewa na daktari mwanamke ambaye hakutaka hadithi ndefu. Alimpa aspirini atafune, akambandika nyaya za mashine ya kupima moyo, akaangalia karatasi iliyotoka. Kisha akatuita mimi, mama mukubwa na baba wa mchumba wangu. Alisema mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo umeziba, na kwamba kwa watu wa umri ule, hasa wenye presha, ugonjwa huo unaweza kuanza hivyo hivyo: taya, mkono, tumbo, jasho.

"Si sumu?" mama mukubwa akauliza. Yeye alijua jibu. Alitaka lisemwe.

"Si sumu, mama. Ni moyo."

Baba wa mchumba wangu akakaa chini kwenye sakafu ya korido, na suti yake, akalia.

Baba mukubwa alipona, lakini si kabisa. Alipoanza kukaa kitini kwenye baraza la hospitali, yeye na baba wa mchumba wangu walimaliza mazungumzo yao hapo, bila msemaji na bila mizaha. Yule ng'ombe wa nyongeza walibishana juu yake kwa sauti mpaka muuguzi akawafokea: mmoja hakutaka kupokea kitu alichopewa kwa sababu ya ugonjwa, mwingine hakutaka kurudisha neno lake. Aliyekataa kupokea ndiye aliyeshinda.

Tuliposherehekea harusi hatimaye, baba mukubwa alikuja kwa fimbo, akakaa karibu na mlango kwenye hewa. Baadaye, alipojiona ana nguvu, aliacha dawa bila kumwambia mtu, akarudi kulazwa, miguu imevimba na pumzi fupi. Tangu hapo mama mukubwa humpa vidonge mwenyewe na kumsubiri mpaka ameze. Maharagi yao hayana chumvi. Nikienda kuwatembelea Jumapili, siku ya Mungu, na mimi ninakula hivyo hivyo.