Nyuzi Kumi na Mbili Zisizo na Majina

Siku ile nilikuwa ofisini Karatu, nimekaa mbele ya kompyuta kama mtu anayejua anachofanya. Kule kijijini Malambo foleni ya ng'ombe ilikuwa imesimama tangu asubuhi. Programu yangu ya kuandikisha chanjo ilikuwa imeganda, na kwa utaratibu wetu ng'ombe hachomwi sindano kabla programu haijampa namba. Sharti hilo nililipendekeza mimi, kikaoni. Nilipigiwa makofi.

Afisa mifugo aliyekuwa huko kwenye foleni akapiga simu. Ni binti wa kulekule, aliyechunga kabla ya kwenda chuo.

"Kaka, barafu inayeyuka. Ikiisha, chanjo namwaga."

"Nipe dakika kumi."

"Kumi za kwanza umezifanyia nini?"

Programu hugawa kazi zake katika vipande vinavyokwenda kwa pamoja; sisi tunaoziandika tunaviita nyuzi. Nilikuwa nazo kumi na mbili. Nikamsomea rekodi: uzi wa tatu unasubiri, uzi wa saba unasubiri, uzi wa kumi na moja unasubiri.

"Huo wa saba kazi yake nini?"

"Sijui. Kompyuta ndiyo inayozipa namba, na kila programu ikiwashwa inazigawa upya."

Nikamsikia akiwatafsiria wenye ng'ombe kwa Kimaasai, kisha kicheko cha watu wengi.

"Wanasema usije ukapewa mifugo. Hapa jioni hatuhesabu, tunatazama nani hayupo. Wewe una kumi na mbili tu, na hujui yupi ni yupi."

Nikaanza kuzipa nyuzi majina ya kazi zake: mpokea-picha, mgawa-namba, mtuma-ujumbe, mpaka zikaisha. Nikaiwasha programu upya. Ikaganda tena, ila sasa rekodi ilisema mgawa-namba anamsubiri mtuma-ujumbe, na mtuma-ujumbe anamsubiri mgawa-namba.

"Huyo mtuma-ujumbe anamtumia nani?"

"Mimi. Kila ng'ombe akiandikishwa, simu yangu inalia."

"Ili iweje?"

"Nilikuwa napenda kusikia."

Nilimfuta mtuma-ujumbe, na foleni ikaanza kusogea. Barafu iliwatosha wote isipokuwa boma la mwisho, ambalo ng'ombe wake walirudishwa bila chanjo. Mwenye boma aliuliza jina langu. Afisa alimpa, pamoja na namba yangu ya simu.