Ajali Haikutengeneza Komeo Lile

Niliporudi Tabora na diploma ya ufundi wa magari, sikumficha mtu. Niliisotea mwenyewe, bila mjomba wala misheni kunisukuma. Kwa hiyo kaka yangu alipokatwa mguu hospitali ya Kitete, sikukaa kulia na wanawake. Nilikwenda kulikagua lori lililomwumiza.

Lilikuwa limeingia shimo dogo kule Lusu, mlango ukafunguka wenyewe, kaka aliyekaa kando ya dereva akatupwa chini ya gurudumu la nyuma. Watu wote wakamlaani dereva. Mimi nikatazama komeo: ulimi wake mfupi, haushiki, ukitikiswa unaachia. Nikaenda kwa wakala aliyeliuza. Uani palikuwa na malori mapya ya aina ileile. Nikapiga mlango mmoja kwa goti, ukafunguka. Nikapiga wa pili, ukafunguka. Wakala akanifukuza.

Wakili mmoja Mhindi akaniambia, "Dereva mwache. Tumshitaki wakala pamoja na kiwanda cha Ulaya, maana kosa limo katika kuunda kwenyewe. Ila ndugu yako aseme kilichomwangusha ni komeo."

Nilimfundisha kaka neno hilo mpaka akachoka. Sikujua kwamba wakala alikwisha kufika wodini na sukari, akamwamkia mama shikamoo, akakaa kitandani kutoa pole.

Mahakamani hakimu Mzungu akauliza kupitia mkalimani, "Nini kilikuangusha?"

Kaka akamtazama wakala. "Ni ajali tu, Bwana. Mapenzi ya Mungu."

"Humlaumu mtu?"

"Simlaumu."

Kesi ikafutwa.

Nje nilimvamia kaka kwa maneno. "Komeo! Neno moja limekushinda?"

"Mdogo wangu, mtu amekuja kunipa pole, nisimame mbele ya watu nimtie hatiani?"

"Alikuja kupima kama utanyamaza!"

"Na huko ulikosoma, adabu hawafundishi?"

"Mungu hatengenezi makomeo, kaka! Umemsingizia!"

Wakala akatoka, mkono mbele, "Poleni sana, jamani." Kaka akabana mkongojo kwapani ili apate mkono wa kumpa. Wangu niliutia mfukoni, nikamwuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya kufika barabarani, ni lini atabadilisha makomeo ya malori yaliyobaki uani.

Hakimu, aliyekuwa akipita kwenda kula, akaniamuru nipunguze kelele.