Udhu kwa Maji ya Dokta

Bora niseme mwenyewe, maana mtaa wetu mzima wa Bwiza washanicheka. Mimi ni fundi wa pampu. Wakati ule wa vita, maji yakikatika siku kwa siku, niliitwa kutengeneza pampu kwa Dokta Espérance, mama mtafiti. Alikuwa akichuja maji ya ziwa kwa makaa maalumu, kuondoa mabaki ya dawa yanayovuruga homoni hadi samaki dume wanaanza kubeba mayai.

Akanionyesha ndoo ndogo ya maji aliyokwisha kuyachuja. "Papa Saidi, maji hii njo safi kushinda yote mu Bujumbura."

Usimwambie Mwislamu maneno hayo siku ya Ijumaa, bomba zikiwa kavu! Alipotoka tu, nikatia udhu. Mikono mara tatu, uso mara tatu, miguu mara tatu. Yaliyobaki nikajimwagia kichwani kwa ajili ya joto.

Dokta akarudi na wageni wawili. "Kazi ya miezi tano, njo hii," akasema, akafunua ndoo.

Ndani hamna hata tone. Ndevu zangu zilikuwa bado zinadondosha maji.

Dokta akachukua kichupa, akanisogelea taratibu, akakikinga chini ya kidevu changu.

"Papa Saidi, tafazali, usipanguse."